Rangi ya geti kwenye kioo cha skana

Mama mdogo alinipigia simu masika yakiwa yameanza. Sikumaliza hata shikamoo. "Njoo uchukue picha alizochora baba yako mdogo kabla maji hayajazichukua," akasema, akakata. Nilidhani nakwenda kubeba picha kumi, kumi na tano. Nilipofika kwake Mbagala nikazikuta zimesimamishwa nyuma ya kabati la vyombo, zimefungwa kwenye khanga tatu zilizochakaa, na nilipozihesabu zikafika 43. Sita kati yake maji yalishaziramba ukingoni. Zimechorwa juu ya hadibodi, na hadibodi ikilowa inavimba kama andazi kwenye chai. Ikikauka hairudi ilivyokuwa, na rangi iliyo juu yake inaanza kubanduka.

Nikazipakia kwenye bajaji, safari mbili. Kwangu sina ukumbi wa maonyesho, nina chumba na sebule. Nikaamua kwamba kabla sijahangaika na pa kuzitundika nitaziingiza zote kwenye kompyuta, hapo hapo kwenye meza ya kulia. Nilijipa wikiendi mbili. Ikawa miezi mitano, na nusu ya muda huo niliumalizia kusahihisha makosa yangu mwenyewe.

Baba mdogo alikuwa anachora picha za mtindo wa Tingatinga. Hakuwa mmoja wa wale wanaotajwa vitabuni. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kuuza kazi zake Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Wakabaki vijana aliowafundisha, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, nao wakafundisha wengine. Baba mdogo alikuja nyuma kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa mwanafunzi. Alichokirithi hasa ni vifaa: hadibodi ya dari iliyokatwa mraba, na rangi za mafuta za kopo, zile za kupaka baiskeli. Rangi hiyo inang'aa kama kioo, na karibu kila tabu niliyoipata ilitokana na mng'ao huo.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Nikamweka chui ukutani, nikampiga picha. Nilipomkuza kwenye skrini nikajiona mimi mgongoni mwake, nimeinua simu, na nyuma yangu dirisha na nondo zake zote. Nikafunga pazia, nikawasha taa, na sasa ikaonekana taa. Njia ya kupiga kazi kama hizi kwa kamera ipo na inajulikana: taa mbili, moja kila upande, zilale nyuzi 45, na chumba kilichobaki kiwe giza. Sina taa mbili. Siku ile sikuwa hata na LUKU ya kutosha.

Nikampelekea kijana mmoja wa steshenari picha ndogo, ya kanga. Nazungumzia ndege, ingawa naye alikuwa amefungwa kwenye khanga. Akamlaza kwenye mashine yake ya kutolea kopi, akabonyeza, akanipa faili. Madoa meupe ya kanga yalikuwa yamefutika, na anga la manjano nyuma yake limegeuka jeupe. Mashine ile imezoeshwa barua na vyeti, ikiona kitu cha rangi hafifu inadhani ni karatasi iliyochakaa, inakisafisha. Lakini kitu kimoja kilinishangaza: hapakuwa na mng'ao hata kidogo.

Sababu yake ni rahisi ukiifikiria. Ndani ya skana, kama ile ya mashine ya kopi, taa inamulika kitu kwa mshazari, lakini jicho la mashine linakitazama kwa wima. Uso unaong'aa, ukiwa umelala sambamba na kioo, unaurusha mng'ao upande wa pili, mbali na jicho, na linalolifikia ni rangi yenyewe tu. Kwa hiyo rangi ya baiskeli, inayomtesa mwenye kamera, skana inaielewa vizuri kuliko hata baadhi ya picha za rangi ya maji. Hapo ndipo nilipoamua kununua skana yangu.

Dukani utaziona nyembamba kama daftari, zinakula umeme wa waya wa USB tu. Kwa karatasi ni nzuri, kwa hadibodi usinunue. Zile nyembamba zina jicho linalolala karibu kabisa chini ya kioo, kama alivyoniambia fundi mmoja, na kitu kikiinuka kidogo tu juu ya kioo kinatoka na ukungu. Kioo cha skana karibu zote kimezungukwa na fremu ya plastiki iliyonyanyuka. Picha ikiwa kubwa kuliko kioo inakalia ile fremu, inaelea. Inayofaa ni ile nene ya zamani, yenye vioo vya kuakisi na lenzi ndani, ambayo wenyewe wanaiita CCD. Hiyo inaona vizuri hata kitu kilichoinuka milimita kadhaa. Watu wanaziuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ni nzito na zinakula meza. Yangu niliipata Kariakoo, ya mtumba.

Nilipoiwasha ikanguruma kama inasaga mahindi makavu, ikagoma. Nikamlaani aliyeniuzia kwa siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaigeuza niisafishe chini, nikaona swichi ndogo ina alama ya kufuli. Skana za aina hii zina kufuli ya safarini, inashika kile kibebeo cha taa kisigongane njiani. Nikaifungua, ikanyamaza, ikafanya kazi. Muuzaji sikumrudia kumwomba radhi, kwa kuwa hakujua nilichokuwa namsema.

Kikaja kizuizi kingine, kompyuta yangu mpya haikuitambua mashine ya zamani kiasi kile. Ipo programu inaitwa VueScan inayozijua skana nyingi zilizosahauliwa na waliozitengeneza, ila usipolipia inakugongea alama juu ya picha nzima. Mimi niliweka Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwenye fleshi, ambako kuna SANE, programu ya skana, nayo ya bure, na ikamtambua mgeni bila maswali.

Sasa vipimo. Kioo changu kina upana wa milimita 216 na urefu wa 297, yaani A4 na upepo kidogo pembeni. Picha ndogo za baba mdogo ni sentimita 20 kwa 20, zinaingia mara moja. Za kati ni 30 kwa 30. Tazama hapo: urefu wa kioo ni milimita 297, picha ni 300. Milimita 3! Kwa ajili ya hizo tatu, kila picha ya kati ilibidi ipite mara nne badala ya mbili, kisha vipande viungwe. Kubwa, 60 kwa 60, zilikwenda mapito 12 kila moja, kwa sababu lazima kila kipande kiingiliane na mwenzake sentimita kadhaa, ili programu ipate pa kushikia. Zile sita zilizolowa sikuzigusisha kioo kabisa. Rangi inayobanduka ukiilaza kifudifudi inabaki kwenye kioo. Hizo nilizipiga kwa simu kibarazani, siku ya mawingu, nikakubali matokeo. Zilizobaki 37 zilinipa mapito 122. Na hata hizo nilizilaza juu ya vipande vinne vya kadibodi nyembamba, kimoja kila pembe, zisigusane na kioo, maana kwa joto letu rangi ya mafuta hata ikikaa miaka thelathini bado ina unata.

Jambo la kwanza la kuzima ni ujanja wote wa mashine: kujiongezea mwanga, kujirekebishia rangi, kunoa, kufuta vumbi. Ukiuacha, kila kipande kati ya vile 12 kinapimwa peke yake. Kipande chenye nyati mweusi mtupu mashine inakiongezea mwanga, chenye anga inakipunguzia, na ukiviunga unapata shuka la viraka. Kuhusu nukta kwa inchi, nilitumia 600 kwa ndogo na za kati, 300 kwa kubwa. Picha ya sentimita 30 kwa 600 ina pikseli 7,087 kila upande, sawasawa na ya 60 kwa 300, na faili lake bila kubanwa ni kama megabaiti 150. Nilijaribu 1200 kwa kanga. Faili likawa mara nne, na nilichoongezewa ni ukungu. Ukisikia mtu anajisifu kaskani mchoro kwa 4800, muulize aliona nini.

Kuhusu kosa lenyewe, lile lililokula mwezi mzima, nitaeleza polepole, kwa kuwa sikuliona limeandikwa popote kabla halijanipata.

Skana ina kifuniko chenye bawaba upande mmoja. Nikitaka kupata nusu ya pili ya picha ya kati, kifuniko kilinizuia kuisukuma mbele. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya, nikaizungusha picha kichwa chini, nikaskani, kisha nikaigeuza kwenye kompyuta. Nikaziunga kwa Hugin. Hiyo ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya kuunga picha za mandhari zilizopigwa na kamera, kwa hiyo inabidi uidanganye kidogo. Niliiwekea pembe ndogo ya kuona, nyuzi 10, nikairuhusu kusogeza na kuzungusha vipande tu, isivikunje. Ikaunga bila mshono. Nikafurahi, nikaunga nyingine, nikafika kumi na moja.

Usiku mmoja nilikuwa natazama picha ya kanga wawili, nimeikuza mpaka macho yao yanajaa skrini. Madoa ya kanga baba mdogo hakuyachora kwa brashi. Alichovya ncha ya kijiti kwenye rangi nyeupe akagonga, doa baada ya doa, na kila doa likabaki limetuna kama punje ya mtama. Nikaona kwamba kanga wa kushoto madoa yake yametuna, na kanga wa kulia madoa yake yamebonyea, kama ngozi iliyodonwa. Nikafikicha macho. Nikaenda kulichukua hadibodi lenyewe, nikalipapasa. Yote yametuna.

Ilikuwa taa. Skana inamulika kutoka upande mmoja tu, kwa hiyo kila punje ya rangi ina upande wenye mwanga na upande wenye kivuli. Nusu niliyoizungusha kichwa chini ilimulikwa kutoka upande wa pili. Nilipoigeuza kwenye kompyuta, kivuli kikakaa mahali pa mwanga, na jicho la binadamu likiona kivuli upande wa juu linasoma shimo. Mwaka mzima wa kijiti cha baba mdogo nilikuwa nimeugeuza vishimo.

Dawa yake ni ya kijinga: kile kifuniko kinang'oka. Unakivuta juu, bawaba zinatoka, skana inabaki sahani tupu na picha inasukumwa upande wowote bila kugeuzwa. Pembeni unapanga vitabu vya kimo sawa na skana ili hadibodi isining'inie, na juu unatupia kitambaa cheusi. Nikarudia zote kumi na moja. Mapito 44. Katikati ya la thelathini na kitu umeme ukakatika, skana ikasimama nusu njia, nami nikakaa gizani na kitambaa cheusi mkononi kama mtu aliyefiwa.

Kuna kitu kingine skana isichokiweza, nacho hakina dawa. Kwenye picha ya tausi baba mdogo alitia rangi ya dhahabu kwenye macho ya mkia. Hakuinunua kwenye duka la wasanii, ilikuwa rangi ya geti, ile ya kupaka ncha za mikuki juu ya mageti ya chuma. Ukiishika picha ile asubuhi karibu na dirisha, mkia unawaka. Kwenye skana ulitoka matope, kahawia iliyolala. Sababu ni ile ile iliyoniokoa na mng'ao: dhahabu haina rangi nyingine zaidi ya mng'ao wake, na skana inatupa mng'ao wote. Nilijaribu kuipaka njano kwenye kompyuta nikaona naongopa. Mwisho nikaacha faili la skana kama lilivyo, na kando yake nikaweka picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari, dirisha likiwa wazi, mkia unawaka na nusu ya tausi haionekani. Mafaili mawili ya ndege mmoja, na kila moja lina pungufu lake.

Uchafu nao una mjadala wake. Skana inaona kila kitu. Iliona nywele za brashi zilizobaki ndani ya rangi, alama ya kidole gumba kwenye pembe ya picha karibu zote, na mbu. Mbu mzima, miguu yote, amekwama kwenye anga la machungwa juu ya twiga na kupakwa juu yake. Vumbi la kioo changu nililifuta, hilo ni langu. Mbu sikumgusa. Binamu yangu aliniambia nimtoe, ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta. Nikamwambia huyo mbu yupo kwenye picha ile kabla yangu.

Binamu huyo huyo ndiye aliyetaka zote kwa WhatsApp. Ukituma kama picha, WhatsApp inazibana mpaka kijiti hakionekani, inabidi utume kama faili. Akaomba pia tuzichape kwenye fulana. Nikamwambia amuulize mama yake. Kuwa na picha mkononi, au hata kuinunua, si kuwa na haki ya kuichapa. Haki ni ya mchoraji, na akifa ni ya warithi wake. Mimi ni mtu wa skana tu. Nakala moja ya mafaili iko kwangu, nyingine iko kwenye diski kwa binamu mwingine Mwanza, mbali na mvua za Mbagala.

Kazi ilipokwisha nikabeba kompyuta kwenda kumwonyesha mama mdogo. Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akasogeza ungo, akajifuta mikono. Nikafungua picha ya samaki, kubwa, mapito 12, iliyonitoa jasho kuliko zote. Akaitazama muda mrefu.

"Bluu hii siyo," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za skrini. Akanikatiza. "Mwanangu, kopo la bluu hii lilifunguliwa kwa kijiko changu. Naijua."

Nikatazama pembeni ya skrini, nikaona nimeacha imewashwa ile hali ya usiku inayoifanya skrini kuwa ya manjano. Nikaizima. Bluu ikarudi. Akasogea, akatikisa kichwa kidogo. "Ee, sasa ndiyo. Lakini imechoka." Na kweli imechoka. Bluu ile imeegemea kijani, ya maji ya kina kifupi, na skrini za kawaida hazina uwezo wa kuifikia, zinaishia karibu yake. Sikumwambia. Neno lake lilitosha.

Tukazipitia moja moja, yeye ananitajia majina niyaandike kwenye mafaili, maana baba mdogo hakuwahi kuzipa majina. "Huyu ni yule wa siku ya tetemeko." "Hii aliikataa Mhindi." "Hii alichora akiwa na homa, ona tembo ana miguu mitano." Nikahesabu. Ni kweli, mitano. Niliipitisha skana mara nne bila kuona.

Tulipofika mwisho akaniuliza, "Na nyuma umezipiga?"

Sikuzipiga. Hadibodi ina uso mmoja laini na mgongo wenye alama za wavu, na baba mdogo alichora upande laini. Mgongoni nilikuwa nimeona penseli penseli nikadhani ni vipimo. "Kapige," akasema. Nikarudi Jumamosi iliyofuata na picha kumi za kwanza, skana mgongoni, kwa sababu hakutaka kusubiri. Penseli juu ya kahawia ya hadibodi haionekani vizuri kwa macho, lakini ukiiskani kwa rangi kisha ukaongeza tofauti ya giza na mwanga, inajitokeza. Kulikuwa na hesabu. Kibiriti, mchele kilo mbili, nyeusi kopo moja, nauli. Nyuma ya kanga wawili kulikuwa na orodha ya watu waliochukua picha kwa mkopo, majina ya utani tu, na mbele ya kila moja kiasi kilichobaki. Wengine wamekatwa kwa mstari. Watatu hawakukatwa.

Mama mdogo akavaa miwani. Akaisoma orodha kwa kidole, taratibu, mpaka chini.

"Hii ndiyo uniprintie," akasema. "Hao ndege waache."

Nikaenda kwa yule kijana wa steshenari, nikairudisha ikiwa kwenye A4. Mama mdogo akaiangalia tena, akagonga jina la pili kwa kucha.

"Huyu wa elfu kumi na mbili yupo hai. Yupo Kigamboni." Akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga, akarudi kwenye mchele.